Kofia ya Mgombea wa Jembe

Mtaa wa Ng'ambo, Tabora, ukiwa na shughuli, harusi au hitima, watu wakisikia masufuria makubwa yanaburutwa uani huuliza jambo moja tu: nani anapika? Wakiambiwa Tatu, basi, hawaulizi tena. Wali wake hauungui wala haubaki na kiini. Mwenyewe huwezi kumjua kama hukuonyeshwa. Ni mwanamke mwembamba, mkimya, kanga moja kaifunga kiunoni, nyingine kajitanda, macho yako motoni. Ukimsalimia ataitikia vizuri, lakini hatakuuliza umetoka wapi.

Mimi nilizoea kufika Ng'ambo na asali yangu kutoka porini, nikishukia barazani kwa Omari kinyozi, na baraza hiyo inatazamana na nyumba ya Tatu. Nilikuwa nikimjua tangu Tura, kabla hajawa mpishi wa watu. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza, mengine niliyaona, mengine nilielezwa na Maua, jirani yake, ambaye akianza kueleza jambo hana haja ya kuulizwa.

Tura ni kijiji cha stesheni, mashariki ya Tabora. Zamani misafara ilikuwa ikipumzika hapo ikitoka kwenye pori la Mgunda Mkali, wapagazi wakishukuru kuona maji. Baadaye reli ikapita karibu na njia ile ile ya wapagazi. Baba yake Tatu, Mzee Mahona, alilima mtama na kuuza kuku kwa abiria. Abasi bin Selemani alikuwa karani wa tiketi, kijana wa Kinyamwezi aliyesoma, shati jeupe, viatu vya kamba. Alimposa Tatu kwa adabu, mwalimu wa chuo cha Kurani akawafungisha ndoa pale kijijini, watu wachache wakala wali na kuku. Nilikuwepo, na kuku alikuwa mgumu.

Haukupita muda mrefu Abasi akahamishiwa Dodoma. Alisema akipata nyumba atamwita mkewe. Kilichokuja ni talaka, nayo ililetwa kwa mdomo. Gadi wa treni ya mizigo alishuka, akauliza nyumba ya Mzee Mahona ni ipi, akasema maneno aliyotumwa, akarudi kwenye behewa lake treni haijaondoka. Tatu alikuwa na mimba, na mimba yenyewe ilikuwa imeanza kuonekana. Maua aliwahi kumwuliza alijisikiaje siku ile.

"Nilikuwa napepeta mtama," Tatu alisema. "Nikaendelea kupepeta."

Mtoto alikuwa wa kike, akaitwa Mwanahawa. Mzee Mahona alipofariki, na mwalimu wa chuo naye alipofariki, Tatu akahamia Ng'ambo na mwanawe, akaanza kusaidia wapishi, mpaka wapishi wakawa wanamsaidia yeye.

Huko nyuma Abasi aliingia kwenye chama siku zile za kudai uhuru. Alijua kusema, na watu walimpenda kwa haki, maana alikuwa akifika kweli vijijini, kwa baiskeli na kwa miguu. Akaoa mke mwingine, Bibi Amne, binti wa watu wakubwa, na kwa wakwe hao alisema hajapata kuoa. Mtu mmoja alipompelekea habari kwamba yuko mtoto Tura, alijibu kwamba Tura ni njiani, wapita njia ni wengi. Neno hilo lilimfikia Tatu kama yalivyomfikia mengine.

Ukafika mwaka wa sabini, mwaka wa uchaguzi. Wakati ule chama kilikuwa kimoja na kila jimbo lilipewa wagombea wawili. Mmoja alipewa alama ya Jembe na wa pili alama ya Nyumba, ili asiyejua kusoma naye ajue anamchagua nani. Walizunguka pamoja kwenye Landrova moja, wakala pamoja, wakasimama kwenye jukwaa moja, huyu akimaliza anaanza huyu, na wazee wa chama wanasimamia. Kwetu Nyumba ilikuwa ya mwalimu mmoja anaitwa Silasi. Jembe likawa la Abasi.

Na mwaka ule ule Mwanahawa akaposwa. Kijana alikuwa Jilala, Msukuma aliyesilimu, anafanya kazi dukani hapo hapo Ng'ambo. Baba yake Jilala, Mzee Ngollo, alikuwa amehama na ng'ombe wake kutoka Nzega, akakaa pembeni ya mji. Yeye hakuwa wa msikitini wala wa kanisani, lakini hakuona tatizo mwanawe kuwa wa msikitini. Tatizo lake lilikuwa moja. Alikuja kwa Tatu, akakaa kwenye kigoda, akanywa uji, akasema.

"Mama, binti tumempenda. Lakini mimi nataka kujua ni binti wa nani."

"Wangu," alisema Tatu.

"Hilo naliona, mnafanana pua. Nauliza baba. Siku moja wajukuu wataniuliza babu yao wa huku ni nani. Niwaambie nini? Niwaambie sufuria?"

Tatu akamtajia jina.

"Yule wa Jembe?"

"Yule."

"Basi aje amwozeshe. Akija, mimi sina neno. Asipokuja, mama, mimi nitaona nimeambiwa hadithi."

Hata shehe alikuwa amesema hivyo hivyo, kwa namna yake. Alisema binti anaozeshwa na walii wake, na walii ni baba. Baba akikataa bila sababu, yeye shehe ataweza kusimama mahali pake. Ila siku ya ndoa jina la baba linatajwa mbele za watu, na yeye hawezi kutaja jina la mtu mkubwa kwa kusikia tu kwa mama na kwa mrina asali mmoja, yaani mimi. Kwa hiyo Tatu akawa na jambo moja la kutafuta: Abasi aje. Na kura hakuwa na habari nazo.

Lakini wenye kura walikuwa na habari naye yeye. Anton, kijana aliyekuwa akimtembezea Silasi maneno mjini, alinusa. Akaja uani asubuhi, Tatu anachambua mchele, Maua yuko pembeni anamenya vitunguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nimesikia una habari ya kuwafaa wananchi."

"Nina mchele," alisema Tatu.

Anton akachuchumaa. "Mama, tunataka kumpa mtu jimbo zima. Aliyemkana mtoto wake, sisi atatufanya nini? Wewe simama mkutanoni useme tu kweli."

"Azimio la Arusha limewauliza viongozi nyumba za kupangisha," alisema Maua. "Watoto halikuuliza. Mwulize mwenyekiti wako."

"Ndiyo maana nataka mama aseme yeye."

Tatu akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Nikisema, Silasi atakuja kumwozesha mwanangu?"

Anton akacheka kidogo, akaona wenzake hawacheki. "Hilo haliwezekani, mama."

"Basi sina habari."

Akaondoka, na ungo ukaendelea. Maua alitaka kumlaumu mwenzake, akamwangalia uso, akaacha.

Siku ya mkutano wa Ng'ambo wagombea walipangiwa kula chakula cha mchana kwanza, na mpishi, unamjua. Tatu alipika pilau ya mbuzi. Wageni walipokaa alichukua birika na beseni akawanawisha mmoja mmoja, kama kawaida. Alimnawisha mwenyekiti wa chama, akamnawisha Silasi, akafika kwa Abasi. Walikuwa hawajawa karibu hivyo tangu Tura. Maua alikuwa nyuma yake na taulo, na ndiye aliyenieleza.

"Mwanao anaolewa," Tatu alisema, anamimina.

Abasi akawa anaangalia maji. "Yupi?"

"Wa Tura. Anataka baba wa kumwozesha."

Maji yakawa yanamwagika tu, mikono yenyewe haisuguani.

"Baada ya uchaguzi, Tatu," alisema polepole. "Sasa hivi macho ya watu ni mengi."

"Utakuja?"

"Nimesema baada ya uchaguzi."

Akanyoosha mikono, Maua akampa taulo. Akala vizuri, akausifia wali.

Tatu aliporudi jikoni alisema harusi itakuwa baada ya uchaguzi, amekubali. Maua akamwuliza kama anaamini. Tatu akajibu kwamba amesema, basi. Maua ndipo alipokata shauri lake, na hakumshirikisha mwenzake.

Sasa lazima nieleze kwamba Maua ni Mzaramo. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, akapenda mahali, akabaki. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi zile za kubeba pembe, na mtani husema atakalo. Hata msibani atamtania maiti, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Akikupokonya kitu chako, unakikomboa kwa kitu kingine, watu wanacheka, yamekwisha.

Mkutano ulifanyika uwanjani, jua la saa tisa. Mwenyekiti akasimama akataja sheria.

"Ndugu wananchi. Hapa hatutaji dini, hatutaji kabila, hatutaji mambo ya chumbani kwa mtu. Tunauliza maendeleo. Sasa niwajulishe. Huyu ni Ndugu Abasi, na mkewe yule pale, Bibi Amne, na watoto wake wale pale. Mtu mwenye familia yake."

Watu wakapiga makofi. Maua akamwinamia Omari kinyozi.

"Mambo ya chumbani yamekatazwa, na mke tumeonyeshwa. Kama ni hivyo si awatoe na waliobaki humo chumbani?"

"Wewe nyamaza tusikilize maji," alisema Omari.

Maana maji ndiyo yalikuwa jambo kubwa. Wanawake wa upande ule walikuwa wakichota mbali, na kisima kikikauka wanagombana. Abasi alieleza bomba litatoka wapi na litapita wapi, akataja hata wembamba wa njia ya nyuma ya msikiti. Mzee Ngollo akauliza josho la ng'ombe. Abasi akamwambia mahali litakapojengwa, na kwa nini si pale ambapo wazee walidhani. Silasi naye alijibu, mtu mwema, lakini alizungumza kama yuko darasani na kengele haijalia.

Tatu alikuwa amesimama mwisho kabisa, mikono bado ina majivu. Ndipo Maua akanyoosha mkono.

"Mimi sina swali la maendeleo," alisema. "Mimi nimemwona mtumwa wangu hapo juu, Mnyamwezi. Babu yangu alimnunua babu yake kwa shanga, na hata shanga zenyewe zilikuwa mbovu."

Uwanja ukacheka. Mwenyekiti akasimama. "Mama, tumesema kabila hatutaji."

"Mwenyekiti, utani nao umepigwa marufuku? Lini? Sikusikia kwenye redio."

Hata mwenyekiti akacheka. Maua akapita katikati ya watu mpaka jukwaani, akanyoosha mkono, akaivua kofia ya Abasi, kofia nzuri ya darizi, akaishika juu.

"Mtumwa, umeacha mtoto kwa Tatu mpika wali, tangu Tura. Sasa anaolewa, hana baba. Kofia hii ninayo mimi mpaka uje umwozeshe."

Hapo watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Omari alifuta machozi kwa shuka la kunyolea. "Mzaramo huyu atatuua," alisema. Na Abasi pale juu, kichwa wazi, alitupa jicho upande wa mkewe, labda hakuna aliyeona, halafu naye akacheka.

"Mnamwona mtani wangu," alisema. "Ana njaa huyu, anataka wali wa harusi. Nitaikomboa kofia, mtani, usiitie moshi."

Bibi Amne naye alicheka, akapiga makofi. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, huyu ni mtu wa watu, angekuwa na makuu angekasirika. Kila aliyekuwa karibu yake akakubali. Maua akashuka na kofia, uso wake umebadilika. Alikuwa amesema kweli tupu, ameisema mbele ya mji mzima, na kwa kuwa aliyeisema ni mtani hakuna aliyeisikia. Angesema mtu mwingine wangemtoa uwanjani.

Jioni wakiosha masufuria Tatu alisema, "Umemsaidia."

"Nimemsaidia nani?"

"Abasi."

Wakaendelea kusugua. Kofia ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, juu ya mlango wa jiko.

Jembe lilishinda, na lilishinda kwa mbali. Ngoma zilipigwa Ng'ambo na Tatu alipikia watu wa ngoma. Akasubiri. Mwanahawa akawa anauliza, mama anajibu, baada ya uchaguzi, mpaka binti akasema, "Mama, uchaguzi umekwisha." Tatu akasema anajua.

Halafu likaja gari. Mimi na Omari tulikuwa barazani. Akashuka dereva peke yake, kijana mpole anaitwa Raymundi, kakunja kitenge kipya mkononi. Akaingia uani, na sisi tukamfuata, maana Ng'ambo gari likisimama huwezi kukaa.

"Mheshimiwa anamsalimu mtani wake," alisema. "Ameleta kitenge, anakomboa kofia yake."

Maua akaangalia kitenge. Kwa desturi ilikuwa sawa: kitu kwa kitu. Akipokea, mchezo umekwisha, na maneno yote ya pale uwanjani yamekwisha nao. Mkono wake ulikuwa umeanza kunyanyuka, na simlaumu, desturi ni desturi.

"Usimpe," alisema Tatu.

Sijawahi kumsikia Tatu akikataza mtu kitu, kabla ya hapo wala baadaye. Alikuwa ameshika mwiko, sauti yake ni ile ile ya siku zote.

"Mwambie aje mwenyewe."

"Mama, Mheshimiwa ana kazi nyingi, anasafiri kwenda bungeni."

"Akirudi."

Raymundi akamwangalia Maua, Maua akamwangalia Tatu. Mwishowe Maua akarudisha mkono kiunoni. "Umesikia mwenye jiko," alisema. "Kofia ni ya kichwa, na kichwa hakitumi dereva."

Kijana akarudi na kitenge chake. Abasi hakuja. Alirudi kutoka bungeni, akapita Tabora, akahutubia soko, akaenda vijijini, na kichwani alikuwa na kofia nyingine.

Tatu hakungoja tena. Akasema harusi iwe Ijumaa inayofuata, shehe asimame badala ya baba, na jina litajwe lake, Mwanahawa binti Tatu. Wengine wakacheka pembeni, kwamba si jina la ndoa hilo. Yeye akaenda kununua mchele.

Siku ya ndoa wanaume tulikaa kwenye mkeka mbele ya nyumba. Maua, bila kumwuliza mtu, alitoka na ile kofia akaiweka juu ya mto, kando ya shehe, mahali ambapo baba angekaa. Shehe aliiangalia, akajikuna ndevu. Akaanza. Alipofika kwenye jina akasita.

"Binti nani?"

Mzee Ngollo alikuwa amekaa na fimbo yake, mbali kidogo, kwa kuwa alijiona si mtu wa dua hizo.

"Binti Abasi," alisema.

Shehe akamgeukia. "Mzee, wewe ndiye uliyetaka ushahidi."

"Nami nimeupata. Nilikuwepo uwanjani, nikacheka kama wenzangu. Lakini mtu akitaniwa bure huja mwenyewe kuchukua kofia yake, anacheka, anakula wali, anaondoka. Huyu ametuma dereva. Alipoambiwa aje, amenunua kofia nyingine. Mimi kofia hiyo imenitosha."

"Na wewe si ulimpigia kura?" Omari akamwuliza.

"Nilimpigia. Ningejua ningempigia vile vile, josho nalitaka. Lakini hilo ni la josho. Hapa tunazungumza binti."

Shehe akafikiri, akasema yeye anasimama kwa niaba, na jina atalitaja kwa neno la mzee huyu mbele ya waliohudhuria. Akalitaja. Mwanahawa binti Abasi akaolewa na Jilala, na hakuna mtu aliyepinga.

Maua alikimbia uani kumwambia Tatu. Nasi tukasikia sauti yake mpaka nje. Tatu alikuwa anapalia makaa juu ya mfuniko. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama watu wa upande wa Mzee Ngollo ni wengi, asije akapungukiwa na wali.

Bomba la maji lilikuja, na lilipita nyuma ya msikiti kama alivyosema. Josho nalo lilijengwa. Sisemi uongo, Abasi alikuwa mbunge mzuri, na walionicheka nikisema hivyo walikuwa wakichota maji yake. Tatu naye akichota hapo, anasimama kwenye foleni na ndoo yake kama mtu yeyote, na wanawake wakimsifu mbunge yeye hasemi ndiyo wala siyo.

Nilipita tena Ng'ambo baada ya masika. Alinipa uji, nikakaa kwenye kigoda kile kile cha Mzee Ngollo. Kofia ilikuwa msumarini, imeanza kushika moshi. Nikamwuliza, maana kwa umri wangu naweza kuuliza, siku ile ya kura alimpigia nani.

"Jembe," alisema.

"Ulikuwa unaamini atakuja?"

Alifikiri. "Hapana. Nilikuwa nachota maji mbali."

"Na akisimama tena?"

Tatu akaangalia moto, akasogeza kuni moja ndani. Alisema hajui, uchaguzi bado uko mbali. Halafu akaniambia uji ukipoa hauna maana, ninywe.